Landrova Yangu Ina Pua Isiyovuta Pumzi

Mpendwa Shangazi Severina,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla mvua haijarudi, na tafadhali usinitaje jina. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, mkulima wa mtama na alizeti na pia dereva, naishi upande wa pili wa korongo ukitokea Kintinku, wilaya ya Manyoni, na nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari yangu kwa sababu nyumbani siwezi kuandika, mke wangu anapitapita na tumbo lake la miezi minane na kila akipita ananichekea, na mimi akinichekea vile natamani ardhi inimeze.

Nianzie mbali kidogo unielewe. Miaka minne iliyopita tulipoteza mtoto wetu wa kwanza. Mke wangu, nitamwita Agripina ingawa silo jina lake, uchungu ulimshika mwezi wa tatu, katikati ya masika, korongo limejaa, kituo cha afya kiko ng'ambo, tukasimama ukingoni wanaume sita tumembeba kwenye kitanda cha kamba, tunaangalia maji yanavyobeba magogo, hakuna aliyethubutu kuingia, tukarudi naye nyumbani na mtoto akazaliwa bila kulia. Siku ya tatu baada ya kuzika nikamwambia mke wangu, mama yangu akisikia, kwamba mimi nikiwa hai maji hayatatuzuia tena. Ndipo nikauza maksai wangu nikachukua Landrova ya dizeli, ya zamani kweli, ilikuwa imelala nyuma ya godauni moja Manyoni na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Nimeitengeneza kwa mikono yangu miaka miwili. Difu zote mbili, zile gia za katikati ya magurudumu, na gia boksi nimeziwekea mipira myembamba ya kupumulia nikaipandisha mpaka juu kwenye boneti, maana chuma cha moto kikiingia ghafla kwenye maji kinavuta, na kikivuta maji oili inaharibika. Kile kizibo cha chini ya klichi, ambacho madereva wengi hata hawajui kama kipo, mimi ninacho, nakifunga kabla ya kuvuka ili maji yasiingie na nikishavuka nakifungua. Turubai la kufunga mbele ya grili ninalo. Mkanda wa feni naulegeza ili feni isirushe maji. Shangazi, hayo yote ni ya kweli, njoo na fundi yeyote ayakague. Tatizo ni pua.

Pua ndiyo lile bomba linalosimama pembeni ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa, ili injini ivute hewa ya juu hata maji yakifika kwenye boneti. Ya dukani sikuipata, basi nikachukua bomba la plastiki, haya ya maji machafu, nikalipindisha kwa moto wa jiko, nikalipaka rangi nyeusi, nikalikaza kwa bolti. Ikabaki kutoboa madigadi na kuliunganisha na eya klina, lile kopo la kuchujia hewa ya injini, kwa mpira mnene, na mpira wa saizi ile sikuwa nao, nikasema nitamalizia wiki ijayo, nikazungushia raba pale linapogusa bodi ili vumbi lisiingie. Ukiangalia kwa nje unaona limeingia ndani. Halijaingia, limegusa tu.

Kesho yake nikaenda nayo mnadani. Weee! Watu walinizunguka kama nimeleta ndege. Mzee mmoja ambaye hajawahi kunisifia tangu nizaliwe akalishika lile bomba akasema, "Sasa hii ndiyo gari." Mwenye Landkruza, ambaye siku zote ananitania kwamba mimi nasukuma mkokoteni wenye taa, siku hiyo aliondoa gari yake kando ya yangu. Mke wangu alikuwepo, anauza vitunguu vyake, akaniangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona tangu mwaka ule. Ningesemaje pale, Shangazi? Ningewaambia jamani bado sijaunganisha? Nikanyamaza, na nikanyamaza tena wiki iliyofuata, na mpaka leo nimenyamaza.

Mwezi wa kumi na mbili nikavuka maji ya magotini, watu wakashangilia, hayo hata baiskeli ingevuka. Mwezi wa kwanza nikambeba mama mmoja na mtoto wake mwenye homa, maji yakafika kwenye taa, na pale katikati injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Nilikanyaga mafuta huku naomba Mungu, tukatoka. Yule mama akauliza, "Imekuwaje?" nikamjibu ni dizeli chafu. Nilipofungua eya klina peke yangu nikakuta oili yake ya kunasia vumbi imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Ilikuwa imeshaanza kunywa maji.

Sasa sikiliza kilichoniua kabisa. Kwenye mkutano wa kijiji mtendaji alisema kile kivuko cha zege cha pale korongoni kimeliwa na maji, kwa hiyo masika hii wajawazito na wagonjwa watavushwa na gari yangu, wakapiga makofi, na mama mjamzito mmoja akasema yeye anaogopa maji. Mke wangu akasimama na tumbo lake akasema, "Usiogope mwenzangu, mimi mwenyewe nitavuka nayo. Mume wangu ameitengeneza kwa ajili yangu." Shangazi, nilitoka mkutano haujaisha nikaenda kukata fito ya kupimia maji.

Tangu hapo sikai, silali. Nimechomeka fito kwenye korongo nakwenda kuitazama mara tatu kwa siku. Wingu likionekana upande wa Kondoa nakimbilia korongoni, maana hapa kwetu kunaweza kukawa na jua kali na korongo likaja limejaa. Nimemwambia Agripina aende mapema kwa dada yake Manyoni mjini, karibu na hospitali, akakataa katakata, anasema yeye ameshawaambia wenzake wasiogope halafu yeye akimbie? Na gari ya kutuvusha si ipo? Nikimwambia ukweli nitaua kitu ndani yake kwa mara ya pili. Nimefikiria nimalizie ile pua kimyakimya Jumapili akiwa kanisani, asijue mtu, yaishe. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea? Naomba unijibu upesi, korongo sasa hivi lina mchanga mtupu lakini sijui mpaka lini.

Ni mimi, dereva asiyelala, Manyoni.

*

Marahaba.

Kwanza pole ya mtoto. Naisema hapa mwanzoni kwa sababu nikishaanza sitapata nafasi ya kukupa pole tena.

Wewe baba una wazimu? Korongo lina mchanga mtupu, mkeo ana miezi minane, na wewe umekaa kwenye gari unaniandikia barua! Gari lenyewe liko chini yako, lina magurudumu manne na dizeli. Siku uliyotumia kuandika ilitosha kumfikisha Agripina kwa dada yake, ukala ugali huko na kurudi.

Unasema amekataa. Ndiyo amekataa, ulitegemea nini? Hebu soma tena barua yako. Mkeo anabaki ng'ambo hiyo kwa sababu anaamini anaweza kuvuka siku yoyote, na anaamini hivyo kwa sababu ya bomba la maji machafu ulilolipaka rangi. Wewe ndiye uliyemfungia huko. Kila siku unayonyamaza unamkaza tena kwa bolti zako. Na hajabaki peke yake, amembakiza na yule mwenzake aliyekuwa na akili ya kuogopa maji.

Mimi gari nalijua kwa kulipanda tu, kazi yangu ni ndoa na mawifi, kwa hiyo barua yako nilimpelekea fundi Obadia hapa mjini, mzee ambaye amefungua Landrova nyingi kuliko sufuria nilizopika. Alianza kwa kucheka, alipofika kwenye oili nyeupe akaacha. Anasema hayo mengine umefanya vizuri, hata yeye kile kizibo cha klichi angekisahau. Ndiyo maana amekasirika zaidi. Mtu anayejua kiasi hicho anajua pia kwamba maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi, injini inapinda mikono ya pistoni na kuzimika palepale, na ninyi mko katikati. Mwezi wa kwanza ulipona kwa bahati, na yule mtoto mwenye homa alipona kwa bahati hiyohiyo, halafu ukamwambia mama yake ni dizeli. Kwake utakwenda pia ukamwambie ukweli.

Sasa hilo la kumalizia kimyakimya Jumapili. Hapana. Na si kwa sababu ya dhambi tu, ingawa kumvizia mkeo akiwa kanisani kunatosha kuwa dhambi. Obadia anasema hivi: pua nzuri kabisa, iliyounganishwa na kukazwa, inazuia injini kunywa maji, basi. Haizuii mto kubeba gari. Maji yanayokimbia yakifika kwenye milango, Landrova inaelea, iwe na pua au isiwe nayo. Wewe mwenyewe uliyaona yakibeba magogo. Kwa hiyo ukimalizia kwa siri, Agripina ataendelea kukaa ng'ambo akisubiri uchungu, safari hii akiwa na pua ya kweli na mafuriko yaleyale. Umemwahidi mkeo kitu ambacho hakuna fundi anayeweza kukitengeneza. Hilo ndilo la kumwambia, na hilo ndilo unaloliogopa kuliko bomba lenyewe.

Unaogopa utaua kitu ndani yake. Baba, huyo mwanamke amezika mtoto na akasimama kwenye mkutano kuwatia moyo wenzake. Hatakufa kwa kusikia kwamba mumewe alitaka kusifiwa mnadani. Atakufokea. Pengine atakununia, na Manyoni atashuka bila kukuaga. Akinuna akiwa karibu na hospitali, mshukuru Mungu na umpelekee nguo za mtoto.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu. Mketishe leo, mchana, mama yako awepo, maana ndiye aliyesikia ahadi yako. Usianze na hadithi ya saizi ya mpira. Sema: pua haijaunganishwa, niliwadanganya, na hata ikiunganishwa mto uliojaa hatuvuki. Kisha mfungulie boneti aone kwa macho yake. Akimaliza kusema yote anayotaka kusema, na usimkatize, mpakie, na yule mwenzake mwoga mpakie pia, uwavushe kwenye mchanga wakiwa wakavu. Wajawazito wengine wote wa upande huo waliokaribia siku zao wapeleke wiki hii hii. Hiyo ndiyo kazi ambayo gari lako linaiweza, na linaiweza vizuri.

Ukirudi, nenda kwa mtendaji umwambie, kisha ndipo ushike drili. Toboa madigadi mbele ya watu. Obadia amepata mpira wa saizi yako kwenye Landrova iliyokufa, anakuwekea, hataki kitu, anataka tu kukufokea uso kwa uso. Weka klipu mbili kila mwisho, kisha injini ikiwa inaunguruma ziba mdomo wa pua kwa kiganja. Isipozimika, kuna mahali bado inavuta hewa ya chini, tafuta. Na baada ya hapo, maji ambayo mtu mzima aliyefungwa kamba hawezi kuyavuka akiwa wima, gari haliingii, hata akikuomba nani. Injini ikizimika ndani ya maji usipige stata, utaimaliza. Shusha watu kwanza.

Umeniomba nisitaje jina lako, na sijalitaja. Lakini upande huo wa korongo kuna Landrova ngapi, na kuna wanaume wangapi wanaochomeka fito kwenye mchanga mara tatu kwa siku? Gazeti hili linafika Kintinku Jumamosi kwa basi la saa nane mchana. Kama umelipata wewe kwanza, likunje, nenda nyumbani ukaseme kwa mdomo wako. Kama umemkuta Agripina ndiye amelishika, usimnyang'anye. Kaa chini, na neno la kwanza litoke kwako.