Hati Aliyoirudisha Haidar

Xiaobei, Guangzhou,
12 Novemba 2024.

Mpendwa Ami Vuai,

Assalaam alaykum. Nakuamkia kwa heshima. Goti vipi, limepungua? Mimi mzima, ila baridi imeanza na kikohozi kinanisumbua kidogo.

Vitenge nimevipakia melini bandari ya Huangpu juzi. Laoban wangu wa soko la vitambaa la Zhongda, yule mwenye duka ninayenunua kwake mwaka wa tisa huu, chai tunakunywa pamoja, lakini jora moja hanipi bila fedha mkononi. Nikimkimbia nikarudi Pemba, atanishika wapi? Simlaumu.

Nimemkumbuka mzee Haidar, Ami, yule mwenye duka aliyekuwa akimkopesha Babu. Umerudisha posa ya kitukuu chake kwa sababu ya hati ya Babu, na mimi ndiye niliyekupigia simu nikakutia maneno usiwape binti yako Chausiku.

Tumekua tukiambiwa kwamba kila mwaka kabla ya palizi Babu akimpelekea Haidar hati ya shamba, imefungwa kitambaani, akipewa fedha za wapaliliaji na wachumaji. Mwaka mmoja Haidar akairudisha. Karafuu zikapukutika chini, Bibi akauza vikuku vyake. Tukaiita dharau mpaka leo.

Sasa yupo Kauthar, binti wa Wete anayesoma chuo hapa, anaandika juu ya madeni ya wakulima. Jumamosi alinisomea sheria ya Mwingereza ya 1934: shamba la Mwarabu au Mwafrika lisichukuliwe kwa deni bila idhini ya serikali. Mwaka ule ule Babu aliporudishiwa hati yake! Walisema wanamlinda mkulima, na kweli shamba likabaki letu. Lakini wenye maduka wakaona hati hazina kazi tena, wakafunga mikono.

Nikamuuliza kama Haidar angeweza kukopesha hata hivyo. Akanijibu, "Kwa moyo wake, angeweza. Kwa hati, hapana."

Haidar hakuwa malaika basi. Lakini mwenye nia mbaya angeikalia ile hati, Ami, asingeirudisha. Nimeona haya sana.

Nakuomba uwaite tena. Nikija Januari nitawataka radhi mwenyewe mbele ya watu, na wakinifukuza ni haki yao.

Nisalimie Shangazi Bikombo na Massoud. Mungu akupe afya na umri wenye kheri.

Chausiku usimpe salamu zangu. Ana miaka thelathini na moja, na mimi ndiye niliyemfungia mlango. Mpe idhini yako kwanza.

Mwanao akupendaye,
Nassor