Bomba la Juu la Baiskeli ya Mjomba

Jumamosi. Mtwara imeamka na manyunyu, nami nimeamka na goti langu la kulia likilalamika kama kawaida yake.

Asubuhi nilimpeleka mjukuu wangu Mariamu dukani kuchagua baiskeli. Muuzaji alimtazama kimo, akalegeza kibano, akashusha kiti, akakaza. Basi. Mariamu akapanda, miguu ikafika chini, tukatoka. Hata soda yangu sikuimaliza. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kukaa kimya, na waliomo humu ndani wanadhani naumwa.

Siumwi. Namkumbuka mama.

Mwaka wa sabini na moja mjomba wangu Issa, kaka pekee wa mama, alifariki. Siku ya arobaini wazee wa ukoo walikaa, na kama ilivyo kwetu Wamakonde, mali ya mjomba ikashuka kwa watoto wa dada yake. Mama alikuwa na mtoto mmoja tu, mimi Zuhura. Nikarithi baiskeli. Watu walicheka. Mjomba alikuwa mrefu, kila mlango kwake ulikuwa wa kuinamia, na baiskeli yake, aliyoinunua kwa jasho la mkonge kule Lindi, ilikuwa ndefu kama yeye. Mimi Mungu hakunipa urefu, alinipa mdomo.

Kuendesha nilijua, tena vizuri, lakini kwa mtindo wa watoto: unapitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu, unaning'inia ubavuni, unanyonga pedeli huku umejikunja. Kwa mtoto mdogo ni sawa. Kwa msichana aliyekwisha chezwa unyago ni aibu tupu.

Na baiskeli niliihitaji kwelikweli. Nilikuwa nimepata kazi Naliendele, kwenye mikorosho ya majaribio, kuchavusha maua kwa mkono. Maua hayamsubiri mtu, yanataka ufike kabla jua halijakolea. Kijiji chetu kilikuwa mbali, njia ya Nanyamba, na bwana shamba alishaniambia nikiendelea kuchelewa nafasi yangu atapewa mwingine.

Siku niliyojaribu kupanda kiutu uzima, kwa kurusha mguu juu ya bomba, nilianguka mbele ya wanaume waliokuwa wakitoka msikitini. Gauni lilichanika.

Sitaeleza zaidi.

Dawa ilikuwa moja: kulikata bomba la juu na kulishusha, baiskeli iwe kama zile za masista wa misheni. Mama akakataa.

Hakukataa kwa ukali. Aliweka tu mkono juu ya lile bomba, akasema, "Hapa ndipo nilipokaa mimi." Alipokuwa mtoto aliugua homa kali, na mjomba akaogopa kumweka kwenye keria asije akadondoka. Akamkalisha juu ya bomba, katikati ya mikono yake, akakanyaga mpaka Mikindani kwa daktari. Mama alikuwa akisema alipona njiani, kabla hata ya sindano.

Mimi nilitaka kazi, yeye alitaka kaka yake abaki alivyo. Nikawa nakwenda kwa miguu, narudi na visigino vimepasuka, na bwana shamba ananitazama kwa jicho la pembeni. Mama aliviona visigino. Siku moja akafunga unga wa mtama kwenye kitambaa, akajitanda kanga, akasema tuipeleke baiskeli mjini kwa fundi.

Fundi Yohana alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, mchomeleaji wa bandarini ambaye kazi za watu alizifanyia uani kwake. Nilimweleza: akate kwenye ncha zote mbili, bomba litoke zima, kisha alichomelee chini zaidi. Akaelewa. Ndipo mama akaomba apishwe kidogo. Sisi ni Waislamu, alhamdulillahi, lakini wafu wa ukoo nao huarifiwa, kwa unga. Akamimina unga kidogo katikati ya bomba, akanong'ona na kaka yake kwa Kimakonde, akamalizia na Fatiha, kisha tukaenda nyuma ya nyumba anawe mikono.

Tuliporudi, fundi alikuwa amekwisha kata. Katikati kabisa, pale penye unga.

"Fundi, umefanya nini?" nikapiga kelele.

"Si mama ameniwekea alama mwenyewe?" Kwao unga ni wa ugali. Alidhani mama amekosa chaki.

Nilitaka kulia. Bomba vipande viwili! Nikamgeukia mama nikitegemea msiba wa pili. Mama akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakaa chini kashika mbavu, mama yangu ambaye tangu mazishi sikuwa nimeyaona meno yake.

"Kaka huyo," akasema. "Nimemwambia kama hataki akatwe, anizuie. Naye kaonyesha na pa kukata. Malizia, baba, malizia."

Fundi, kwa haya, aliviondoa vile vipande viwili, akatafuta kipande cha bomba la maji, akakichomelea kwa kukilaza, chini kabisa, akapunguza na bomba la kiti. Baiskeli ilitoka nzito kama ng'ombe mwenye mimba, na sura yake Mungu atusamehe. Lakini nilipokaa, miguu yangu yote miwili ilifika chini. Nikawa nakaa na kuinuka kama mjinga, nacheka peke yangu.

Tukaanza kurudi nyumbani. Pa kukaa mama pale mbele hapakuwepo tena, akapanda kwenye keria, ubavu ubavu. Kwenye shimo la kwanza akanishika kiuno kwa mikono miwili.

Kwetu, msichana akishatoka unyagoni, mama yake hamkumbatii ovyo tena. Mambo yake yana somo wake, yule aliyemfunda. Miaka ilikuwa imepita mama hajanigusa. Sasa kichwa chake kilikuwa mgongoni kwangu, na blauzi yangu ilikuwa inalowa, na halikuwa jasho.

"Kanyaga, mwanangu," akasema. "Jua linazama."

Nikaitikia ndiyo, mama. Nikapunguza mwendo.

Mama amekwenda kwa Mola wake miaka mingi sasa. Mariamu ananiita huko uani nikamwone anavyozunguka bila kuanguka. Nitakwenda, nakwenda. Ila kwanza niacheni nikae kidogo na mikono ile kiunoni.