Gia ya Majidi kwenye kitanda cha harusi

Majidi, gia yako imemla bwana harusi mzima mzima 😩

Si uliniambia niitoe ile ndogo kwenye mota ya mashine ya kuchonga, niweke hii yenye meno mara mbili ili ikimbie? Imekimbia! Ila kompyuta inayoiongoza mashine hatukuiambia kwamba gia imebadilika. Kila herufi imetoka na upana mara mbili.

Kitanda kilitakiwa kiandikwe UMMY NA SABIRI. Kimeandikwa UMMY NA. Ubao ukaishia hapo hapo.

UMMY NA, Majidi!!

Na Sabiri mwenyewe kasimama hapa karakana, kaja na shangazi yake Ummy kuchukua mzigo.

Shangazi akavaa miwani. "Ummy na nani, fundi? Kuna jambo unalijua?"

Nikajibu harakaharaka, "Hapana shangazi, ni gia tu! Gia ya Majidi!"

Sabiri hakucheka hata kidogo. Akaniuliza taratibu, "Majidi ndo nani?"

Nimerudisha gia ndogo, nachonga ubao mwingine. Yeye kavuta kigoda, anasubiri jina lake lifike mwisho.

Wewe leo usikatize mtaa wetu huu wa Kanyenye.