Usimeze Tena Zile Tembe Nyekundu

Kianda, Kibera

Kwa mama yangu mpendwa,

Natumai umeamka salama na magoti yamekuruhusu kufika kwa ng'ombe. Mimi nipo, ingawa tumbo limenionyesha cha mtema kuni. Nimeandika kwa sababu kwenye simu utasema "sawa" kisha ufanye yako. Kaka akusomee polepole.

Unajua kazi yangu ni kufulia watu nguo. Mgongo ukiuma nilikuwa nameza tembe nyekundu, zile ninazokutumia. Miaka minne, mbili asubuhi, mbili jioni, mara nyingi kabla ya kula. Choo kikawa cheusi kama lami, nikanyamaza. Wiki jana nilizirai juu ya beseni, jirani akanipeleka kliniki kule Kabiro.

Daktari, msichana mdogo tu, akaniambia, "Mathe, mwili inachukua mafuta ya seli zako inatengeneza wajumbe, wanaitwa prostaglandini. Wengine wanapeleka habari ya maumivu. Wengine wanachunga tumbo isichomwe na asidi. Hii dawa haichagui, inanyamazisha wote. Sasa uko na kidonda ndani."

Mama, hasira ilinipanda. Yule wa duka la dawa ananijua kwa jina, na hata siku moja hakuniuliza kama nimekula. Mwenye nguo akiniona nimejikunja alikuwa anasema, "Si umeze dawa? Blanketi bado." Sitamsahau na blanketi lake.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba tembe zako nilizinunua mimi. Uliponipigia kusema umeacha kutembelea fimbo, nilijisifu kwa wapangaji wote wa ploti. Nilidhani nimekutunza.

Choo chako kikoje? Usinifiche kama nilivyowaficha wenzangu. Kikiwa cheusi, huenda ni damu ya kidonda, kaka akupeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hata kisipokuwa, nenda na zile tembe zilizobaki, waambie umemeza kwa muda gani, wakuangalie.

Nisalimie mke wa kaka na mtoto wake mchanga. Msalimie shangazi wa kwaya, uliyemgawia pakiti moja. Mwambie naye aache, hata akinuna.

Mzigo wa safari hii hauna tembe. Nimeweka sweta nzito ya soko la Toi na kitambaa cha kufunga magoti. Najua hakitoshi. Yakiuma, nitukane mpaka uchoke. Lakini usimeze.

Ni mimi niliyekununulia,
binti yako, Rispa