Kikombe cha Borghild

Torleif, jana Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, halmashauri iliniaibisha mbele ya ukumbi mzima!

Wanagawa vikombe vya waliopanda mlima wetu mara nyingi zaidi mwaka huu. Anaitwa nani mbele? Borghild. Mke WANGU, huyohuyo ambaye ulinisaidia kubeba jeneza lake!

Kosa langu, nakubali. Kila nikifika kileleni naandika jina langu kwenye lile daftari la sandukuni wanalohesabia wapandaji, na lake chini yake. Tangu afe, bila hivyo miguu hainyanyuki.

Nikamwambia yule binti wa halmashauri, "Huyo ni marehemu, mwaka wa pili sasa."

Akatazama karatasi. "Lakini mzee, mwaka huu amepanda mara tisini na moja!"

Tisini na moja, Torleif! Na watu wakapiga makofi!

Walipofunga zahanati yetu, Borghild yuko kitandani mgonjwa, hawakumjua. Leo wanampa kikombe.

Kisha binti akaninong'oneza, "Mzee, andika walio hai tu, la sivyo daftari tunaliondoa."

Na daktari kasema nisipopanda, moyo utazima. Sasa niambie wewe: kesho nikifika juu, kalamu mkononi, naandika majina mangapi?