Lupango ya Kichuguu ku Njia ya Kipushi

Yaya Astride,

Batoto bako beko pamoya. Naanza na ile mbele ya byote, juu kule uko, najua njo kintu ungelomba kusikia ya kwanza. Merveille na Jojo: nyumba moya, mulango moya, na bado banagombania kipande ya mwisho ya samaki. Hakuna mwenye alienda Likasi. Hakuna mwenye alienda Kasumbalesa. Tulishinda, Yaya. Mie mudogo yako Trésor, mie ule ulikuwa unaita Courant, moto ya umeme, juu siwezi kuikala fasi moya, tulishinda.

Nilitaka nikuelezee mu roho tu, vile ninafanyaka asubui ku kinga, baiskeli yangu, lakini maneno iko mingi, inaanguka mu njia. Njo naandika.

Siku ya nyuma ya maziko yako, jamaa ilikutana ku lupango yetu ya Kamalondo, mu kiwanja ya nyumba. Ile chumba yetu unaijua: mashini yako ya kushona ku dirisha, na bar ya mbele yenye inapiga muziki ata saa ya kusali. Yomba Floribert njo alisema. Eko ndugu mukubwa wa mama yetu, na kwetu shiye, ndugu ya mama njo eko na neno juu ya batoto. Kwa hesabu hiyo na mie niko yomba wa Merveille na Jojo. Lakini yomba mudogo mbele ya yomba mukubwa, iko nini? Aliikala mu kiti yako ya kushonea, anasema:

"Mutoto mwanamuke ataenda Likasi kwa mudogo yangu, Mama Julienne. Mutoto mwanaume atakuya kwangu, Kasumbalesa. Kulea bote bawili pamoya, nani ataweza hapa?"

Nilisema: mie.

Bantu bananiangalia sawa telefone yenye inalia mu misa.

"Weye?" anasema. "Hauna bibi. Uko na chumba moya. Unalala na batelefone ya bantu. Batoto utabaweka wapi, mu tiroir ya meza?"

Balicheka. Na mie nilicheka, Yaya. Kisha nilienda nyuma ya nyumba, kule ulikuwa unaanikaka nguo, na... ku maziko sikulia. Nililia juu ya ile tiroir.

Nilinawa uso, nilirudia, nilisema: "Yomba, munipe mpaka siku ya kutosha kilio, siku ya kuvua nguo nyeusi."

"Bon. Ile siku nitakuya na voiture. Nikikuta fasi muzuri, fasi ya batoto kukomea mpaka bakuwe bakubwa, voiture itarudia bule. Lakini nisisikie kama uliacha kazi yako ya mu ville. Batoto habakule hewa."

Basi nilianza kutafuta. Unajua vile nilijifunza kutengeneza telefone: hakuna mwalimu, paka kufungua tu, kuangalia video, kuharibisha, kufungua tena. Quartier, mitaa ya bantu, na yenyewe niliifungua vile. Kila dimanche, siku ya kusali, na kila saa yenye kazi inapunguka, mie ku kinga, Merveille nyuma, Jojo mbele ku chuma ya cadre. Bantu ba Kamalondo balisema niko natembeza batoto juu nisahau kilio. Niliwaacha baseme.

Ya kwanza ilikuwa Kampemba. Commissionnaire, mwenye kutafutia bantu nyumba, mwenye alitupeleka anajiita Président, eko na kofia mukubwa na tabasamu ya kuuzisha. Alituonyesha nyumba dimanche asubui: portail mukubwa ya bleu ku mulango, carreaux chini, moto ya courant iko, kati ya ville iko pale karibu. Roho yangu ilisha kuhamia. Nilibakisha paka kumupa mukono tu. Njo neno yako ilinikamata ku sikio, sawa vile ulikuwa unanikamataka na vidole. Unakumbuka wakati tulikuwa tunatafuta chumba ya kwanza, ukakataa kila fasi yenye balituonyesha asubui? Ulisema: "Mudogo, quartier ni sawa nguo ya ku soko. Hauangalie rangi, uigeuze uone mushono. Na mushono ya quartier, utaiona saa yenye batoto banatoka ku masomo."

Nilirudia lundi, kesho yake, ile saa ya kutoka masomo. Yaya, bakamyo ya minerai, mawe ya mugodi, inapita moya nyuma ya ingine, na batoto banatembea benye kujibana ku kibambazi sawa bezi. Mutoto moya wa uniforme alisimama ku kona, anangoja muntu mukubwa amuvushe. Bantu bakubwa banapita, banapita. Nilimuvusha mie. Kisha nilimwambia Président hapana.

"Weye mutoto wa Kamalondo," ananicheka, "unataka nikupeleke Bruxelles?"

"Kama kule bakamyo inasimamia batoto, peleka."

Tuliendaka na ku Golf, quartier ya batajiri, paka juu ya kuona tu. Majumba murefu, bibambazi murefu, miti muzuri, kimya. Merveille alizunguka na macho, aliniuliza: "Yomba, hapa batoto beko wapi?" Gardien moya mwenye analinda mulango alitujibu yeye mwenyewe, anasema beko ndani. Ndani ya nini, hakusema. Tuliondoka.

Njo siku moya ku njia ya Kipushi, kupita Kisanga kidogo, mupira ya kinga inapasuka. Nilikuwa nakasirika, nainama pale na pompe, nasikia kicheko. Kicheko mingi. Naangalia: mu lupango moya mule kuko kichuguu murefu kushinda nyumba yenyewe, na batoto ba uniforme banapanda mpaka juu, banaikala ku kipande ya bidon, banateremuka vuuu mpaka chini. Sac ya masomo ilitupwa ku majani. Hakuna mwenye anakimbia kurudia kwabo. Mama moya anatoka ku portail na chupa mukubwa ya maji, anaita: "Kuyeni bote mukunywe. Na weye wa chemise ya kijani, mama yako asema ukichafua ile chemise, utafua mwenyewe." Kisha anaangalia Jojo, mwenye hajamuona ata siku moya. "Na weye wa kinga, unangoja invitation?"

Jojo alisha kuenda. Ku kichuguu, hapana ku maji.

Ule mama njo Mama Béa, mwenye lupango. Mujane. Nyumba ilikuwa na bichumba biwili, kishima nyuma, masomo iko karibu, batoto banaenda na miguu. Lakini locataire, mupangaji, hakuna. "Bantu banataka lupango ya plat, yenye kulala sawa," anasema. "Banakuya, banaona kichuguu, banasema inakula fasi, inaficha nyoka. Weye unaangalia nini vile?"

Nilikuwa naangalia kichuguu, Yaya. Mu Lubumbashi yetu muntu mwenye hajue kama udongo ya kichuguu njo inatosha matofali ya nguvu, eko nani? Lakini bote banalipisha camion juu ya kuitupa. Nilimwambia: "Mama, ile haiko kichuguu. Ile ni chumba yenye haiyasimama."

Alicheka sana. Kisha tulipatana: udongo yake, mikono yangu. Nikisimamisha chumba ya tatu, tutaikala, na hatatutosha inje.

Sasa usicheke. Sikujua kufanya tofali ata moya. Niliangalia video, nilipiga ya kwanza na moule ya tofali yenye nilitengeneza na mbao ya meza yako ya kukatia, unisamehe, na niliianika mu jua kali. Yote ilipasuka sawa biscuit. Mama Béa alishika magoti kwa kucheka. "Telefone unajua. Sasa funika na majani, ikauke polepole. Polepole. Ile neno ulisha kuisikia?" Merveille anateka maji, mie nakanyaga udongo, Jojo anatia kidole chake mu kila tofali, asema ni signature. Yenye kukauka tunaipanga, tunaichoma na moto ya kuni. Batoto ba avenue balimutuma Jojo kwangu sawa ambassadeur: tusikule kichuguu yote, tuwabakishie upande wa kuteremukia. Nilikubali. Ungeona vile alirudia kwabo kutoa habari, kifua mbele.

Na kazi ya mu ville sikuiacha. Asubui natoka na kinga pamoya na bale banaume ba makala, benye banaleta ku kinga mifuko murefu mpaka juu ya kichwa. Balinichekaka kila siku. "Patron, makala yako iko wapi?" Nawaonyesha sac yangu ya tournevis, byombo ya kufungulia telefone: "Yangu iko inaungua polepole." Sasa telefone yabo bote ni mie natengeneza. Ku mulima banaume bale banashuka banasukuma, na mie, juu ya heshima, nashuka nasukuma yangu yenye haina kintu.

Siku ya kutosha kilio ilifika, chumba ya tatu ilisha kusimama. Tulisali, tulivua nguo nyeusi, Mama Julienne alitunyoa nywele. Kisha Yomba Floribert anasimama: "Twende tuone ile Paris ya Trésor." Voiture mbele, mie na kinga nyuma, nakanyaga sawa mwizi. Mu voiture, Yaya, banguo ya batoto ilisha kufungwa mu bisac biwili. Niliiona na macho yangu ku kioo ya nyuma.

Anafika, anaingia mu lupango. Merveille analeta kiti. Hakuikala. Merveille analeta maji mu kopo, anapiga magoti. Hakupokea. Unajua vile iko kwetu: muntu mwenye anakuya kuchukua batoto hakunywe maji ya ile nyumba. Akikunywa, alikubali nyumba. Merveille anabakia pale chini na kopo, maji inamwangika kidogo ku vidole.

Yomba anazunguka nyumba. Anaangalia mu kishima. Anauliza masomo iko wapi, Jojo anaonyesha. Anaangalia kichuguu, yenye ilibakia nusu. Mie namufuata nyuma polepole, mie Courant. Nilikuangalia. Nasema kweli, niligeuka kabisa juu ya kuona kama unasimama ku portail.

Kisha anafika ku chumba ya tatu. Anapiga kibambazi na mufupa ya kidole. Ko, ko. Anapiga tofali ingine. Inalia sawa chuma. Anatia kidole chake mu tundu ya kidole ya Jojo, hakiingie.

"Nani alichoma hii?"

"Shiye."

"Shiye njo nani?"

"Mie na Merveille na Jojo."

Yomba alipapasa tofali tena. Mama Julienne alikohoa. Kisha anasema, bila kugeuka, na ile sauti yake ya kukasirika: "Ule mutoto na kopo yake, anataka maji ipate moto? Lete."

Alikunywa yote, Yaya. Mama Julienne alipiga kigelegele mpaka bamama ba avenue bote balitoka. Jojo alienda mwenyewe ku voiture kutosha bisac, anavuta moya, kisha ingine, mu mavumbi. Yomba aliikala ku kiti, aliniita karibu. "Chumba ya tatu ni ya nani?" Nilimwambia ni yake yeye, yomba mukubwa lazima aikuwe na fasi ya kulala kwa batoto bake. "Na kitanda?" Nilisema kitanda bado. "Voilà," anasema, "ata bafundi ya telefone banasahauka kintu." Njo vile alitubariki.

Mashini yako iko ku dirisha ya chumba ya kwanza, fasi yenye mwangaza iko mingi. Merveille alishona rideau ya dirisha. Imepinda. Sitaigusa.

Yaya, lala muzuri sasa. Neno yenye nakuachia ni hii: hakuna muntu atagawanya batoto bako, mie niko muzima. Na siku bijana batakuya kulomba kuoa Merveille, batatembea mpaka huku, ku hii mavumbi ya njia ya Kipushi, batakuta mie na Yomba Floribert tunaikala bega kwa bega mu lupango. Maji tutabapa. Lakini tutabangojesha sana.

Mudogo yako,
Trésor