Muvi Ulizotusimulia Kabla Hazijatoka

Zubeda shoga yangu,

Sijui salamu zinafikaje huko, ila nisipokusalimu nitajiona sina adabu. Hujambo? Sisi wazima. Dagaa wapo, jua lipo, na muvi za mwaka huu zinatoka kama walivyoahidi, hazina hata habari kwamba wewe hupo.

Ile ya Wakorea inatoka kabla ya Ramadhani. Ile ya jambazi aliyepoteza kumbukumbu wameisogeza mbele tena, ungewatukana wewe! Na ile ya kwetu, ya yule mama mwenye boti, inatoka Idi. Pale banda la video Ujiji wameshabandika picha yake mlangoni. Kila nikipita naiangalia kwa jicho la pembeni, kama mke mwenzangu.

Maana nikwambie ukweli, Zube, siitaki itoke. Isipotoka bado ni yako. Nakuona pale ufukweni Kibirizi, kilemba kimekaa upande, mkono mmoja unageuza dagaa, mwingine umeshika simu yenye kioo kilichopasuka. Trela unaiangalia mara moja tu, unazima data kubana bando, halafu unatusimulia muvi nzima mpaka jua linageuka. Nani anamsaliti nani, mvua inanyesha wapi, bibi harusi kavaa gauni gani. Na tulikuwa tunaiona kabisa! Ukisema mji, sisi tunauona ng'ambo kule, kwenye milima ya Kongo, ukungu unapanda na ghorofa zinajitokeza moja moja. Kunguru wanajilia dagaa, sisi tupo harusini. Muvi yenyewe ikija, tunaenda kuiangalia siku za mbalamwezi, wavuvi wakipumzika, na ikienda tofauti na ulivyosema unasimama katikati ya watu: "Wamekosea hawa!" Na kweli, yako ilikuwa nzuri zaidi.

Hii ya mama mwenye boti ulituachia njiani. Injini imezima katikati ya ziwa, upepo unakuja, wewe ukasema kichwa kinakugonga, utamalizia kesho. Kesho yake ukalazwa, na hukurudi.

Tangu hapo kwenye vichanja vya dagaa ni kimya. Mwanao Mwajuma ninaye mimi, usiwe na wasiwasi. Anakula, shule anaenda. Ila hazungumzi, Zube. Tangu tukuzike jina lako halijatoka mdomoni mwake, wala chozi sijaliona. Wenzake wakimfuata anasema ana usingizi. Jioni anakuja kunisaidia kuanua dagaa, anakuja bila neno, anaondoka bila neno. Nakaa nawaza, huyu mtoto mzigo wote huo anautua wapi? Ninaogopa, shoga yangu. Naogopa nisije nikampoteza na yeye huku namwona.

Halafu nikakuota. Turubai jeupe limetundikwa kutoka Kagunga mpaka Kongo, ziwa limetulia tuli, na sisi tumekaa mchangani tunangoja muvi ianze. Ulikuwa unakula ubuyu, ukanimegea. Muvi haikuanza, na wala sikuudhika. Nilikaa tu na wewe, raha mustarehe, nikitamani wasiiwashe kamwe. Nilipoamka nililia, sikuficha.

Sasa sikia ya juzi. Tunaanua, mama mmoja wa Kagunga akaropoka: hivi yule mama mwenye boti ataachwa ziwani mpaka lini? Nikataka nimzibe mdomo. Kabla sijafungua wangu, Mwajuma akasema, "Injini haiwaki."

Sote tukageuka. Akaendelea, mikono ndani ya dagaa, hamwangalii mtu. Akaleta mawimbi. Akaleta binti wa yule mama, ambaye kwenye trela hayupo, anapiga kasia kwa kipande cha ubao. Sauti yako, Zube! Hata ule ujeuri wako wa kunyamaza patamu ili tukubembeleze. Kisha akamtosa yule mama majini.

"Yee mawe!" mama wa Kagunga akaruka. "Stelingi hafi, bwana!"

"Huyu anakufa," Mwajuma akasema. "Binti anafika nchi kavu, na muvi inaendelea."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, akikuita, "Mama, mama," mpaka wabeba mizigo wakasimama. Nikamkumbatia hivyo hivyo na mikono yangu inayonuka samaki, na wala sikumwambia anyamaze.

Idi ikifika nitampeleka. Sasa naisubiri hiyo siku, we acha tu! Tutakaa mbele kabisa, waoneshe mwisho wao wautakao, na tukitoka nitamwuliza muvi ya mwakani itakuwaje.

Mungu akulaze pema, Zubeda. Kwaheri, shoga yangu. Mtoto nakuahidi nitamlea, na kila atakapotaka kukutaja, nitaacha kazi nimsikilize.

Wako,
Tatu